Ukuta kwenye njia ya diko, mwenyewe asema ana lizi ya miaka 99. Nani husimamia hizi ardhi za umma?

MwanaDiko

Salaam aleikum wanajukwaa. Mimi mtu wa pwani ya Kenya, kaunti sitaitaja manake jambo bado bichi na huku watu wajuana. Tuna diko letu la wavuvi, wazee walitumia tangu sisi hatujazaliwa, mashua zapandishwa pale, samaki wapimwa pale na kina mama karanga, wale wauza samaki, wangoja pale alfajiri. Juzi juzi katokea mtu na malori ya mawe akaanza kuzungusha ukuta, na ile njia ya kushukia pwani akaifunga kabisa akabakisha kijimlango cha kupita mtu mmoja mmoja, ngalawa haipiti, tuktuk ya barafu haipiti, mtu akibebwa mgonjwa sijui itakuwaje. Tulipomuuliza msimamizi wake akatoa simu akatuonyesha picha ya karatasi, ati ni lizi ya miaka 99 kutoka serikalini na kibali cha kujenga pia kipo.

Chifu asema hana habari. Tukaenda ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikasema hati hazitoki kwao, ya tatu ikasema wao huangalia ramani ya jengo tu, mambo ya nani kapewa ardhi hayawahusu. Sasa swali langu wakuu, hii ardhi ya umma ikikodishwa nani hasa ana kazi ya kuangalia kama imekodishwa kihalali? Na lizi ikishatoka ndo basi, hakuna wa kuigusa? Vijana wataka kuubomoa huo ukuta usiku, mimi nawazuia lakini sina la kuwaambia.

KarafuuChungu

Yakhe pole sana ila hapo mshapigwa. Ukiona ukuta umefika kiunoni jua faili lilitembea zamani, nyinyi mwaona mawe wenzenu waliona pesa. Hayo yameandikwa tangu ripoti ya Ndung'u ya 2004, ile ya tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi za umma, kurasa na kurasa za ardhi zilizoibwa, misitu, viwanja vya shule, nyumba za serikali, na wengi walioandikwa mle wako nje wanakunywa chai.

wakili_wa_mtaa

Karafuu usimkatishe mtu tamaa, kwenye kesi kama hii huku huku pwani mwenye hati ameshashindwa na wananchi wamepita, nitaieleza.

Nianze na hilo la kuzungushwa. Kwa katiba ya 2010 ibara ya 62 ardhi ya umma ni ya wananchi, anayewashikia ni kaunti au serikali ya kitaifa kutegemea ni ardhi ya aina gani, halafu anayeisimamia kwa niaba yao wote ni Tume ya Ardhi, NLC. Ile sehemu ya ufuo iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa imetajwa wazi wazi kwamba ni ardhi ya umma na hushikwa na serikali ya kitaifa. Sasa kugawa na kukodisha ni kazi ya NLC, lakini kusajili na kutoa hati ni kazi ya msajili aliye chini ya wizara, na hapa walivutana sana mpaka Mahakama ya Juu ikatoa ushauri Desemba 2015 ikasema hati ni za wizara, si za tume. Kaunti imebaki na mipango na vibali vya ujenzi, NEMA, ile mamlaka ya mazingira, ina leseni ya mazingira. Kwa hivyo kila ofisi mliyokwenda ilisema kweli kwa kipande chake na ndo maana mtu anaweza kuzunguka mwaka mzima, kwa sababu mnauliza "nani anahusika" na kila mmoja anajibu kwa kipande chake. Ulizeni karatasi. NLC muulizeni karatasi za ugawaji, msajili muulizeni rejista, kaunti kibali, NEMA leseni. Kila mmoja ana jalada lake na jalada halina pa kukutuma.

Pili, ardhi ya umma haitolewi hivi hivi kama peremende. Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 12 inataja njia: mnada wa hadhara, tenda iliyotangazwa, kura ya wazi, kundi maalumu la wanaostahili, na kadhalika. Kifungu hicho hicho kinaiambia tume ihakikishe haigawi maeneo fulani, na humo wamo ufuo, mikoko, na madiko ya samaki. Madiko yametajwa ndugu yangu, si mimi nasema. Halafu kifungu cha 14 kinataka ilani kwa umma angalau siku 30 kabla ya kugawa, na gavana naye aarifiwe. Je mliona ilani yoyote? Kama hakuna mtu kijijini aliyeiona, muulize ilichapishwa wapi na lini. Hilo swali peke yake limeshaua lizi nyingi.

KarafuuChungu

Haya hiyo kesi iko wapi wakili, usitupige chenga

wakili_wa_mtaa

Nakuja. Nyali, Mombasa. Kuna kiwanja kilitolewa 1989 kwa rais wa wakati huo, Moi, kikauzwa, kikauzwa tena mpaka kikafika kwa kampuni inaitwa Dina Management. Wana hati safi, wana ukuta, kila kitu. 2017 kaunti ya Mombasa ikaja ikabomoa ukuta ikasema hapa ni njia ya umma ya kwenda ufuoni. Kampuni ikaenda mahakamani ikashindwa, ikakata rufaa ikashindwa, ikapanda Mahakama ya Juu na Aprili 2023 ikashindwa pia. Majaji walisema pale palikuwa pametengwa kuwa ni wazi kwa umma kwa hivyo hapakuwa na kitu cha kugawiwa tangu mwanzo, na kama mzizi wa hati ni mbovu basi huyu wa mwisho hawezi kujificha nyuma ya "mimi nilinunua kwa nia njema". Ibara ya 40(6) ya katiba: ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Na Sheria ya Usajili wa Ardhi kifungu cha 26 nayo yasema hati yaweza kupingwa ikiwa ilipatikana bila kufuata utaratibu, hata kama wewe mwenye hati hukuiba.

Mwaka huo huo Septemba mahakama hiyo hiyo ikatoa nyingine, Torino Enterprises, kuhusu ardhi ya Embakasi, ikasema barua ya ugawaji si hati na haimpi mtu umiliki. Kwa hivyo MwanaDiko hebu iangalieni vizuri hiyo picha ya kwenye simu, ni lizi iliyosajiliwa au ni barua tu? Watu wengi wanatembea na barua wakiita lizi.

Savea_Mstaafu

Wakili kasema vizuri ila mnasahau ramani na kesi za pwani zote mwisho wake ni ramani. Nimepima huku miaka mingi. Jambo la kwanza pateni ramani ya usajili ya eneo, ile ya ofisi ya upimaji, muone kama hiyo njia imechorwa. Mara nyingi utakuta njia imechorwa kabisa toka zamani ina upana wake, na huyo mtu ameifunga kwa vile chini hakuna kinachoonyesha, bikoni, zile alama za mpaka, zimefukiwa au zimeng'olewa. Njia ikiwa kwenye ramani kazi yenu imekwisha nusu.

Jambo la pili, kanuni za upimaji za 1994 zinasema ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida kuachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu, yaani pale maji yakijaa hufika. Kwa hivyo ikiwa hiyo lizi ni ya juzi na ukuta umeshuka hadi mchangani, ama savea hakuacha ukanda ama ukuta umevuka mpaka wa lizi yenyewe. Hili la pili nimeliona mara nyingi kuliko la kwanza, mtu anapewa ploti kisha anajiongezea.

Lakini hapa niseme jambo ambalo hamtapenda. Pwani yetu si kama bara. Huku kwenye ule ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, kuna hati za zamani sana zilizotokana na ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, za kumiliki moja kwa moja si lizi, na nyingine mpaka wake ni maji makuu yenyewe. Mwenye hati kama hiyo habari ya mita 60 haimgusi hivyo hivyo. Kwa hivyo msiingie na maneno ya mita 60 kabla hamjajua hiyo ardhi asili yake ni nini. Mkikosea hapo wakili wake atawacheka mbele ya jaji.

PlotiNdogo

Maze naona mnamhukumu mtu kabla hata sachi, yaani kuangalia rejista ya ardhi, haijafanywa. Mimi niko Nakuru nina ploti ya lizi ya mjini, nalipa kodi ya ardhi kwa serikali kuu, nalipa reti za kaunti, na najua vile hii system inatesa hata wenye haki. Lizi ikikaribia kuisha sheria inasema mwenye lizi kama ni mkenya apewe nafasi ya kwanza kuendelea nayo, kama serikali haitaki hiyo ardhi kwa kazi ya umma, na toka marekebisho ya 2016 NLC inatakiwa imjulishe ndani ya miaka mitano kabla ya lizi kuisha. Mmeona wangapi wamejulishwa? Unakaa unangoja barua, ukiuliza unaambiwa anza upya, hapo katikati benki haikukopeshi juu ya lizi iliyobaki miaka miwili. Sasa na hiyo kesi ya Dina ndo imetumaliza, mtu ulinunua ukiwa na wakili, ukafanya sachi, serikali yenyewe ikakuandikia uko sawa, miaka 20 baadaye serikali hiyo hiyo inasema ilikosea na unayebeba hasara ni wewe.

Sisemi huyo wa diko ni msafi. Nasema usimamizi ukiwa mbovu unaumiza pande zote si wavuvi peke yao.

wakili_wa_mtaa

Ploti hapo una hoja na sina jibu la kukufurahisha. Zamani NLC ilikuwa na meno ya kupitia ugawaji wa ardhi za umma uliotiliwa shaka, kifungu cha 14 cha sheria ya tume, lakini sheria yenyewe iliwapa miaka mitano tu na muda ukaisha 2017. Baada ya hapo malalamiko mengi ya hati mbovu lazima yaende Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mahakama ni pesa na ni muda. Kwangu mimi kuacha ile nafasi ipite lilikuwa kosa kubwa, manake kupitia faili mezani kwa tume ni nafuu kwa mvuvi na ni nafuu kwa mwenye ploti pia, kuliko kila mtu kuajiri wakili (ingawa mimi ndo nakula huko haha). Ila sachi ya kawaida inakuonyesha nani kaandikwa leo, haikuonyeshi alipataje. Mnunuzi wa ardhi yenye asili ya umma siku hizi aombe na karatasi za ugawaji wa kwanza kabisa, na asipoonyeshwa aondoke.

MtuWaTanga

Naona mnahangaika na lizi na hati za kumiliki moja kwa moja, huku kwetu Tanzania kwa sheria ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, mtu unapewa haki ya kuitumia tu kwa muda, 33 au 66 au 99. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 toka bahari au ziwa. Msije mkadhani kwa hiyo huku hakuna kuta ufukweni aisee, zipo. Ila mkuu fuata ushauri wa savea, ramani kwanza.

Binti_Omar

Mimi niko kwenye kamati ya BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ya diko letu, si hilo lenu. MwanaDiko nakuuliza, BMU yenu imesajiliwa? Manake naona mnaongea mambo ya ardhi tu mkasahau upande wa uvuvi. Kwa zile kanuni za BMU za 2007 kila kamati ina diko lake ambalo ndo eneo lake la kazi, na afisa wa uvuvi huandika samaki wanaoshuka pale. Hizo daftari ni ushahidi! Sisi tulipoletewa mtu kama huyo jambo la kwanza alilosema ni kwamba hapa hapajawahi kuwa diko, ati ni kichaka tu watu wanaanika nyavu. Tukatoa daftari za uzani, majina ya mashua, risiti za barafu, picha ya choo kilichojengwa na mradi wa serikali pale pale. Akanyamaza. Kama diko lenu limetangazwa rasmi kuwa kituo cha kushushia samaki ndo bora zaidi, tafuteni hilo tangazo.

Ila jihadharini, diko kutangazwa na ardhi yake kuwa na hati ni mambo mawili. Madiko mengi pwani yanatumika na serikali yenyewe inayatambua lakini kipande cha ardhi chini yake hakina hati ya umma, na hapo ndo hawa watu hupenya. Hata Mkaguzi Mkuu wa serikali kila mara anaandika kuhusu shule na zahanati zisizo na hati za ardhi. Na tafadhali kina mama wawekwe kwenye barua, mama karanga ndo wa kwanza kukosa pa kukaa lakini kwenye mikutano husikii sauti yao, wazee wanasema "sisi wavuvi" basi.

MwanaDiko

Nashukuru sana nyote, Mungu awazidishie. BMU ipo na imesajiliwa, daftari ziko kwa katibu. Sachi tumefanya, jina lililotoka ni la kampuni, si la huyo msimamizi, na tarehe ya kusajiliwa si ya zamani kwa hivyo zile hati za 1908 alizosema mzee Savea nadhani hazihusu hapa, labda zile za majirani. Ilani hakuna aliyeiona, nimeuliza mpaka imamu na mwalimu mkuu. Pale kwenye ujenzi hakuna ubao wowote wa mradi, si namba ya kibali si jina la mkandarasi.

Sasa hizo karatasi za ugawaji twaziombaje? Manake tukienda kwa mdomo twajua majibu yao. Na wengi wetu kizungu cha kiofisi si chetu.

wakili_wa_mtaa

Andikeni kwa kiswahili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yasema ombi laweza kuwa kwa kiingereza au kiswahili, na afisa ana siku 21 za kujibu. Barua fupi tu, msianze na historia ya babu zenu na uchungu wenu (najua mna uchungu) kwa sababu barua ya kurasa sita huwekwa pembeni. Taja namba ya ploti kama ilivyo kwenye sachi, kisha omba: nakala ya ilani kabla ya ugawaji na ilichapishwa wapi, njia iliyotumika kugawa, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, masharti ya lizi. Kwa kaunti omba kibali cha ujenzi na michoro yake, kwa NEMA omba leseni na ripoti ya athari za mazingira pamoja na orodha ya walioshauriwa, hapo mtashangaa majina mtakayoyakuta. Pelekeni nakala mbili kila ofisi, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Bila muhuri hamkwenda.

Siku 21 zikipita kimya, au mkinyimwa bila sababu, pelekeni malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, wale watu huwaita Ombudsman, hakuna malipo. Mkinusa rushwa kwenye ugawaji basi EACC, tume ya kupambana na rushwa, hao wameshawahi kurudisha ardhi za umma kwa njia ya mahakama. Na ombi kwenye bunge la kaunti pia, MCA wenu, mwakilishi wa wadi, akiona sahihi za watu wengi atapata hamu ya kusoma faili.

KarafuuChungu

Siku 21 ukuta utakuwa umeshapigwa plasta na rangi

wakili_wa_mtaa

Ni kweli, kwa hivyo msikae mkingoja. Siku hiyo hiyo ya barua pelekeni malalamiko NEMA na kaunti kwamba ujenzi unaendelea bila ubao na njia imefungwa, wao wana uwezo wa kusimamisha kazi wakikuta hakuna kibali. Wakilala, mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya kusimamisha mpaka mambo yasikizwe, na mkiwa BMU mnaweza kwenda kama kikundi, si lazima mtu mmoja abebe jina. Tafuteni mashirika ya msaada wa sheria hapo mjini kabla hamjalipa wakili binafsi.

Na hao vijana waambie wauache ukuta kabisa. Ule wa Nyali ulibomolewa na kaunti na bado walipelekwa mpaka Mahakama ya Juu. Nyinyi mkiubomoa usiku, kesi ya kwanza kusikizwa itakuwa ya uharibifu wa mali na washtakiwa ni nyinyi, ya lizi itawekwa foleni.

Savea_Mstaafu

Na mpigie picha huo ukuta maji yakiwa yamejaa bamvua, si wakati wa kupwa. Chukueni savea mwenye leseni apime kutoka alama ya maji makuu mpaka kwenye mawe, atie sahihi. Msipime wenyewe kwa kamba, haitakubaliwa. Ukinitumia namba ya ramani kwa inbox nitakwambia kama njia yenu imo, hilo halina gharama.

MwanaDiko

Namba nakutumia leo mzee wangu. Barua tunaandika kesho baada ya alasiri kwa katibu, na Binti Omar, mama karanga watatu wameshakubali kutia sahihi.